Kilio cha Mlango wa Koko

Tonton,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ulinikataza kukuandikia kwa Kiingereza. Ulisema ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mtoto wa nyumbani unakufanya uhisi umeandikiwa na serikali. Basi vumilia makosa. Siku hizi hakuna wa kunisahihisha ngeli. Mama akisikia nimekosea, ananijibu hivyo hivyo na tunaendelea.

Sijui nianzie wapi. Nianze na kilio, maana ndicho kilichonichanganya, na mpaka leo sijajinasua.

Unaikumbuka ile taa ya mlango. Ulibandika sumaku kwenye mlango wa mbele na swichi yake kwenye fremu, ukavuta waya hadi kwenye bodi ndogo ya kielektroniki uliyoificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kila Koko, mama yako, alipofungua mlango, taa nyekundu ikawaka juu ya friji. Uliona fahari. Ulimwita Mama atoke kwetu huku nyuma ya kiwanja aje kuona, naye akasimama na mikono yenye sabuni akasema, "Bonane, sasa nani atakaa kuangalia friji?" Mimi nilicheka. Wewe ulikuna kichwa tu, ukasema tutaongeza sauti.

Wiki ile ile Koko alitoka alfajiri. Taa iliwaka kama ulivyoiamuru, juu ya friji, katika nyumba ya watu waliolala. Mama yako alifika hadi barabara ya maghala kule Smithfield, amevaa gauni la kulalia na viatu vyako vya kazini. Mwanamke wa duka la mikate ndiye aliyemrudisha, amemvika koti lake mwenyewe. Koko alisema alikuwa anakufuata kazini, umesahau chakula. Kisha yule mama wa huduma za wazee akapiga simu, akaongea kwa upole kabisa, kwamba likitokea tena itabidi wamtafutie Koko nafasi kwenye nyumba ya wazee.

Mkeo, Tantine Zawadi, anafanya kazi kwenye nyumba kama hiyo huko Bankstown. Ndiye aliyetueleza jinsi watoto wa wale wazee wanavyosimama nje, katikati ya maua, kwa kuwa tangu ugonjwa huu wa kuambukizana uje hawaruhusiwi kuingia. Wanaweka kiganja kwenye kioo. Wazee wengine wanaweka chao upande wa ndani, wengine wanauliza yule ni nani. Ulipoweka chini simu ya yule mama ulisema, "Mama yangu hatakaa nyuma ya kioo." Ukarudi kumenya viazi.

Ndipo ukaagiza kilio.

Nilikuwa nimekuuliza "buzzer", kile kidude cha kutoa mlio, ni nini kwa Kiswahili. Ulikuwa chini ya meza unatafuta skrubu. Ukasema kitu cha kufunika ni kifuniko, kitu cha kuziba ni kizibo, basi kitu cha kulia ni kilio. Nikaona ni sahihi kabisa, kama hesabu. Kisha ukacheka peke yako huko chini, ukasema, "Lakini usimwambie mama yako tuko na kilio hapa. Atakuja na mchele, na machozi tayari."

Nami nikacheka, kwa sababu ulicheka. Nilidhani ni mmoja wa mizaha yenu ya kambi ya wakimbizi Kigoma, ile ambayo wewe na Mama mkiianza, mtu mwingine anabaki kama amekaa nje.

Sikuelewa, Tonton. Nililetwa hapa Sydney nikiwa mdogo. Watu wetu waliokufa walifia mbali. Mama alipokea simu, akafunga mlango wa chumba chake, kesho yake akaenda kazini. Sijawahi kupelekwa mahali ambapo watu wamekaa kulia pamoja, wala sikuwahi kulisikia jina la mkusanyiko huo. Mimi nilikuwa na kilio kimoja tu, chako, nacho kilikuwa njiani kwa posta.

Halafu ukaanguka kwenye karakana, ukiwa na bisibisi mkononi. Haukuwa ugonjwa huu ambao kila mtu anaulizia. Ulikuwa moyo wako. Gari la wagonjwa likakuchukua na Tantine hakuruhusiwa kupanda. Kila jioni nesi alipiga simu akasema umetulia. Neno hilo nalo nililiamini. Nilifikiri mtu aliyetulia ni mtu anayepona.

Siku ile nilikuwa chumbani kwangu kwenye somo la kemia, kamera nimeizima. Mama akanitumia sauti kutoka ghalani anakofanya kazi. Nyuma yake mashine zilikuwa zinapiga kelele, nikasikia maneno machache tu: "Faida, kuko kilio kwa Tonton. Enda sasa hivi, mimi niko njiani."

Nilifurahi. Lazima nikwambie kama ilivyokuwa. Niliona kifurushi kimefika, nikaona na wewe pengine umerudi, maana kwa sababu gani nyingine Mama atoke kazini mapema? Nikachukua bodi kutoka kwenye droo, ile uliyoniachia niiandalie sauti, nikachukua waya zangu tatu nilizokwisha kuzimenya ncha, nikavuka kiwanja mbio. Tantine alifungua mlango. Nikamuuliza, "Tantine, kilio kimefika?"

Alinitazama. Akasema, "Kimefika, mwanangu. Kimefika." Akanishika mkono ule wenye waya, akanivuta ndani.

Nilimsubiri aniletee kifurushi. Badala yake alikuwa anaburuta godoro kutoka chumbani kwenu. Nikamsaidia. Nilidhani ni la kwako, utapumzika sebuleni ili uwe karibu na televisheni. Tuliliweka sakafuni, akatoa meza ya kahawa nje, akafunga kitenge kiunoni, akaketi katikati ya godoro akanyoosha miguu kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Koko alikuwa kwenye kiti chake. Aliangalia godoro, akaangalia kitenge, akauliza, "Nani amekufa?" Yeye anasahau hata jina langu, lakini hilo alilitambua kabla yangu.

Tantine akataja jina lako.

Kuanzia hapo sina mpangilio mzuri wa mambo. Nakumbuka nilikuwa bado nimeshika bodi na sikujua pa kuiweka, ikaonekana ni utovu wa adabu kuiweka juu ya friji. Nakumbuka Koko akiteremka kutoka kwenye kiti. Nakumbuka Mama akaingia na kizibao chake cha njano cha kazini, akapiga magoti na nacho hivyo hivyo.

Watu hawakuweza kuja, kwa sababu ya amri ya kufungiwa majumbani. Walileta sufuria wakaziacha getini, wakarudi kwenye magari yao, wakapandisha vioo wakalia mle ndani. Niliwaona kutoka dirishani. Jioni tuliegemeza simu kwenye chupa ya chai mbele ya godoro na watu wakaingia kwenye simu, nyuso ndogo ndogo, kila mmoja akiimba akiwa nyuma ya mwenzake kidogo. Tantine akawaambia, "Huyu Faida ndiye wa kwanza kufika kwa kilio. Hata kabla ya mama yake." Wote wakasema asante Faida. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeanza kuelewa neno, polepole, na sikujua nifanye nini na asante zile.

Makaburini waliruhusiwa wachache, mimi sikuwemo. Nilitazama kwenye simu. Picha ilikwama mchungaji akiwa ameinua mkono, ikabaki hivyo. Iliporudi, watu walikuwa wanatembea kuelekea magarini. Kwa hiyo sikukuona ukiteremshwa. Huenda ndiyo maana nazungumza na wewe kama mtu aliye safarini. Mwalimu wangu aliniandikia kuuliza ulikuwa nani kwangu, kama ni ndugu wa karibu. Niliandika "mjomba", nikafuta, kwa sababu wewe na Mama hamkuzaliwa tumbo moja. Nikaandika "jirani", nikafuta haraka zaidi. Mwishowe sikumjibu.

Kifurushi kilifika baada ya mazishi. Jina lako juu yake. Tantine alinikabidhi bila kukifungua, akasema ni vitu vyenu vya waya. Ndani kulikuwa na vilio viwili, vidogo kama vifuniko vya chupa, vyeusi, kila kimoja na tundu juu na miguu mitatu: wa umeme, wa ardhi, na wa kupokea amri.

Wakati huo Koko alikuwa ameanza tena. Tantine sasa huenda kazini kungali giza, Mama pia, na mimi huamka baadaye kidogo. Hapo katikati ndipo Koko hukutafuta. Niliomba nilale kwenu, lakini akinikuta sebuleni ananiona mgeni, anatoka kwenda kuninunulia nyama. Mwanzoni Tantine alikuwa anamwambia ukweli kila asubuhi, na kila asubuhi Koko alifiwa upya na kuanguka palepale. Sasa akikuulizia kwa jina lako alilolifupisha, "Bona iko wapi?" Tantine anajibu, "Hajarudi." Si uongo. Nimelifikiria sana jibu hilo. Si uongo, lakini sijui kama ni ukweli.

Yule mama wa huduma alisema angepiga simu tena. Kwa hiyo nikafunga kilio peke yangu.

Nilifuata ulivyonifundisha. Nilichomoa betri kwanza. Waya mwekundu kwenye umeme, mweusi kwenye ardhi, wa manjano kwenye tundu la bodi lililo jirani na lile la taa. Kwenye programu niliongeza mistari michache: mlango ukifunguka, kipe kilio umeme, mlango ukifungwa, kinyime. Nikarudisha betri. Mlango ulikuwa umefungwa, na kile kitu kikaanza kulia bila kukoma. Nikafungua mlango, kikanyamaza.

Nilidhani nimekiunguza. Nikajaribu cha pili, vilevile. Nikabadilisha waya, nikakagua kila tundu, nikakaa sakafuni na vitabu vyako vyote. Mama akapita akasema, "Hiyo kitu yako inafanya kazi kinyumenyume." Ndivyo ilivyokuwa kweli. Karatasi iliyokuja nacho ilieleza, kwa Kiingereza kibovu kuliko Kiswahili changu, kwamba aina hii hulia pale amri inaposhuka. Ukikipa, kinatulia. Ukikinyima, kinalia. Ili kikae kimya lazima bodi iwe inakishikilia muda wote. Uliijua aina hii ulipoiagiza? Au ulichukua ya bei rahisi tu, tungeshangaa pamoja? Ningependa sana kujua. Nilibadilisha amri mbili, hii ikakaa pale na ile hapa, na kila kitu kikanyooka.

Tantine alikuwa jikoni anapasha chai. Akauliza kinaitwaje. Nikamwambia jina ulilokipa wewe. Akasimama na kijiko. "Kilio? Bonane ndiye alikwambia hicho ni kilio?" Nikamweleza kifuniko na kizibo. Nikaona inamfikia, siku ile mlangoni, mimi na waya zangu mkononi. "Kumbe ulikuwa unauliza hii?"

Nilisema ndiyo.

Alicheka, Tonton. Aliegemea friji akacheka mpaka akajikunja, akasema, "Bonane, Bonane, ona umemfanyia nini mtoto wa watu." Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu uondoke na sikujua kama nami naruhusiwa kucheka. Akaniambia hata hivyo mimi ndiye niliyefika wa kwanza, hilo halibadiliki.

Jumamosi tukakijaribu na Koko. Nilikuwa nimebandua kikaratasi cheupe kilichoziba tundu la kilio, maana kimeandikwa kibanduliwe. Koko alikuwa anakunywa chai. Nikafungua mlango. Sauti ilitoka kama ya lori linalorudi nyuma, kali, ya kukata. Koko aliangusha kikombe. Alininyakua kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akasema, "Tutoke, tutoke, wameshafika," na akanivuta nje kupitia mlango uleule ambao kilio kilikuwa kimewekwa asiupite. Na kwa kuwa mlango ulibaki wazi, kiliendelea kulia, na kadiri kilivyolia ndivyo alivyokimbia. Nilimzuia getini. Alikuwa peku. Alikuwa anataja majina ya watu nisiowajua, wa kule tulikokimbia vita, akiwahesabu kama wote wapo.

Tantine alisema, "Toa hiyo kitu." Hakunigombeza. Alisema tu kwa uchovu kwamba pengine nyumba ya wazee si mbaya kama tunavyodhani, angalau atakuwa anamwona kazini. Nilijua haamini anachosema.

Nilikaa na vile vilio viwili mbele yangu. Cha pili kilikuwa bado na kikaratasi chake. Nimesoma kwamba kiwandani huvisafisha kwa maji, na karatasi ile huzuia maji yasiingie kwenye tundu. Ni kitu cha kutupwa. Nilikijaribu hivyohivyo. Sauti ikatoka laini, imezibwa, kama inatoka chumba kingine. Nikaiandikia programu ilie kidogo, ikate, ilie kidogo, ikate. Sikuwa na wazo lolote maalumu. Nilitaka isifanane na lori.

Koko akainua kichwa. Alikuwa amekwisha kushika kitasa na kufungua mlango. Akageuka kutoka mlangoni, akasikiliza, akasema, "Mutoto analia."

Akatazama chumba cha nyuma. "Nani ameacha mutoto peke yake?" Akafunga mlango ili baridi isiingie, na kilio kikanyamaza. Koko akasema kwa sauti ya chini, "Amelala."

Basi ndivyo tulivyokiacha. Cha karatasi kiko mlangoni kwenu, cha wazi kiko kwangu, waya unapita juu ya uzio chini ya ule mzabibu wa jirani. Koko akifungua mlango, mimi naruka kutoka kitandani huku nyuma, na yeye anasikia mtoto. Mara nyingi nikifika ameshafunga. Yule mama wa huduma alipiga simu, akauliza kama Koko ametoka tena. Tantine akasema hapana, yuko nyumbani. Yule mama akaandika hivyo.

Lakini Tonton, sielewi tulichofanya. Wewe ulitaka kilio kituamshe sisi. Hukutaka kimwambie Koko kitu, hasa kitu kisicho kweli. Mtoto huyo hayupo. Na siku nyingine nadhani anajua mtoto huyo ni nani, maana analitaja jina lako anapomtafuta, si kwa sauti ile ya kukuita kazini, kwa sauti nyingine ya kubembeleza. Nimewaza nikibandue kile kikaratasi. Nimewaza niweke wimbo. Tantine amesema, "Acha hivyo." Mama amesema nikimaliza shule nitaelewa, na mimi najua hilo ni jibu la mtu asiyejua.

Jana alfajiri nilifika kabla hajafunga. Alikuwa amesimama kizingitini, ameipa barabara mgongo, amevaa sweta yako. Akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Nikauliza, polepole, kwa sababu nilitaka kujua kutoka kwake mwenyewe, "Koko, mtoto ni wa nani?"

"Wangu," akasema, kana kwamba nimeuliza kitu cha kijinga. Akasikiliza tena kile kisauti nyuma ya karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mutoto mwenye kulia vile, ataishi."

Kisha akafunga mlango.

Kwaheri ya leo, Tonton. Sijui kama huko mnapata barua, na sijui kama ningepaswa kumwambia kitu pale mlangoni. Betri nitakuwa naibadilisha kabla haijachoka, hilo nakuahidi, na Koko atabaki upande huu wa kioo.

Faida wako